Kichwa Kilichongoja Mkono

Siku yangu ya kuzaliwa haijulikani, na nadhani ndiyo sababu sijawahi kusahau siku ya mtu mwingine. Mama yangu, Mwarusha wa Ngaramtoni, aliniambia tu kwamba nilizaliwa wakati wa mahindi mabichi, katika mwaka ambao ng'ombe walinenepa. Nilipomuuliza ni mwaka upi huo, alinitazama kama mtu aliyeulizwa upepo unalala wapi. Kwa hiyo mjukuu wangu alipozaliwa, Jumapili, tarehe 11 Novemba 2018, niliiandika siku hiyo mwenyewe, kwa kalamu ya wino, nyuma ya mlango wa chumba changu, mahali ambapo hakuna fundi wa rangi atakayethubutu kufika.

Nayaeleza haya mapema ili msomaji ajue yuko na mtu wa namna gani. Nilianza darasa la kwanza Januari 1970, nikiwa na umri wa miaka kumi au kumi na mmoja, kwa kuwa kabla ya hapo mbuzi wa baba walinihitaji kuliko serikali ilivyonihitaji. Nilikaa dawati moja na watoto ambao meno ya utotoni yalikuwa bado yanawatoka, magoti yangu yakiusukuma ubao kila nilipovuta pumzi. Kidato cha nne nilikimaliza mwaka 1994, kwa masomo ya jioni, nikiwa mke wa mtu na mama wa mtoto mmoja. Cheti changu kimetundikwa sebuleni, kando ya picha ya marehemu mume wangu. Wageni wakija huanza kuitazama picha na kunipa pole. Mimi huwaongoza taratibu hadi kwenye cheti.

Tangu mume wangu alipofariki, Septemba 2016, nimebaki hapa Nkoaranga na ng'ombe mmoja, kahawa na migomba, kwenye mteremko ambao hata kuku hupumzika njiani wakipanda. Mwanangu wa pekee huongoza watalii mbugani, naye hukaa huko kwa majuma. Akirudi Arusha huwa na vumbi hadi kwenye kope. Mke wake, Mchaga wa Marangu, ana duka la kushona sare za shule mjini. Nampenda mkwe wangu, na nasema hivyo bila kulazimishwa na mtu. Lakini mwanamke anayepima mabega ya watoto wa watu kutwa nzima, akirudi nyumbani akamkuta wa kwake, hawezi kuuweka mkanda chini. Atapima tu.

Mtoto mwenyewe, binti yao, alianza shule ya awali Januari 2024. Likizo ya Juni mwaka huo aliimaliza yote kwangu. Nilimfundisha kuchuma kahawa iliyoiva na kuiacha ambayo bado inafikiri. Nilimfundisha kupita sebuleni kwa ncha za vidole siku ambazo sakafu imepigwa rangi nyekundu na kung'arishwa, yaani kila Ijumaa. Nilimfundisha kuwasalimia wakubwa kwa namna ya kwetu Ngaramtoni, si kwa kupaza sauti kutoka upande wa pili wa barabara kama watoto wa mjini. Alikula loshoro, ule mseto wetu wa mahindi, ndizi na maziwa ya mgando, hadi tumbo likawa ngoma. Kubwa kuliko yote, ng'ombe wangu alikuwa na mimba, na kwa hesabu yangu angezaa wiki ya kwanza ya Desemba. Nilimwahidi mjukuu wangu kwamba likizo ya Desemba atakuja kumpokea ndama, na kwamba jina la ndama atalitoa yeye, si mtu mwingine.

"Hata Baba hatalitoa?" aliniuliza.

"Hata Baba."

"Hata Yesu?"

"Yesu atakuwa na shughuli. Ni Desemba."

Jumamosi, tarehe 5 Oktoba 2024, mkwe wangu alipanda Nkoaranga bila mtoto. Nilikuwa nje namenya ndizi. Nilipomwona anakuja peke yake, huku ameikumbatia simu kifuani kama Biblia, nilijua kuna neno.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mwenzio yuko wapi?"

"Nimemwacha kwa jirani. Nataka tuzungumze yeye asiwepo."

Akaketi. Akakataa chai, jambo ambalo Mchaga halifanyi bila sababu. Kisha akaanza. Mwalimu alikuwa amemwita. Alimweleza kwa upole, lakini alimweleza. Mtoto hamtazami mtu machoni. Akiitwa anakuja, akiulizwa hajibu. Anasimama tu akiangalia sakafu, mpaka mwalimu anachoka na kwenda kwa wengine. Ilianza shule zilipofunguliwa Julai, na kila asubuhi ni hivyo hivyo.

"Na nyumbani?" nikauliza.

"Nyumbani anaongea mpaka redio inaomba nafasi."

"Basi anaongea."

"Mama, ngoja. Anatembea kwa ncha za vidole. Akija dukani anapanga vifungo kwa rangi, na fundi akivigusa analia. Machalari anakula ndizi zote kwanza, nyama baadaye, na mchuzi mwisho, peke yake, kama dawa." Akaiinua simu. "Nimetazama video. Ya Nairobi, ya Dar, hata ya Uingereza. Zote zinasema yale yale, kwamba ni hali ya usonji."

"Na hizo video zinamjua mtoto wetu?"

"Mama, usinifanyie hivyo. Silali."

Alisema neno lile la mwisho kwa sauti ndogo, nami nikakiweka kisu chini. Nilitaka kumtuliza. Nikachagua njia niliyoiona ni ya hekima, nikamsimulia habari za mume wake.

"Sikiliza, mwanangu," nikamwambia. "Mume wako alipokuwa na miaka mitano alitembea kinyumenyume kutoka hapa hadi kanisani, kila Jumapili, tangu Pasaka hadi mavuno. Alisema anailinda nyumba kwa macho isihame."

"Mama, unatania."

"Muulize. Na wageni wakija aliingia chini ya kitanda, akaongea nao akiwa huko huko. Habari zenu, karibuni, mama anawaletea chai. Mchungaji aliwahi kumbariki kupitia godoro."

Mkwe wangu alicheka mpaka akajifuta macho. Nami nikacheka, nikiwa nimejipongeza kimya kimya. Nikaongeza habari ya mwaka ambao mwanangu alikataa kuvaa kiatu cha kushoto, na ya alivyomfundisha ndama Sala ya Bwana. Ndipo nilipoona kicheko kimemtoka mwenzangu usoni, na nafasi yake imechukuliwa na kitu kingine.

"Kumbe," akasema polepole, "imetoka kwenu."

"Nini imetoka kwetu?"

"Video zilisema huwa inatembea kwenye ukoo. Mimi nikawa nafikiria upande wa Marangu, nikakosa mtu. Kumbe ni huku."

"Kwetu hakuna kitu hicho," nikasema, na niliisikia sauti yangu ikivaa kofia.

"Mama, umenihesabia mwenyewe sasa hivi."

Mwanamke aliyepata cheti chake kwa taa ya chemli alikuwa ameshindwa na ushahidi aliouleta mwenyewe. Kisha mkwe wangu akalisema lililompandisha mlima.

"Nimeamua, Mama. Desemba abaki mjini. Mtoto wa namna hii hahamishwihamishwi, anahitaji nyumba moja na ratiba moja. Wanasema akibadilishiwa mazingira anarudi nyuma."

"Na ndama?"

"Ndama atazaliwa tu, Mama."

Ni kweli kwamba ndama angezaliwa hata bila sisi, na ukweli huo ndio ulioniuma. Niliokota kisu nikaendelea kumenya. Siku hiyo nilimenya ndizi za kulisha kwaya.

Alipoondoka nilianza, bila kutaka, kuwachunguza watu. Jirani yangu alikuwa akifagia uwanja asubuhi, halafu anaufagia tena ukiwa safi. Mzee wa kanisa alikohoa kila mara kabla ya kutaja jina la Mungu, kama anayebisha hodi. Muuza maziwa alipanga vidumu vyake kwa ukubwa na kumfokea mteja aliyekigusa kimoja. Hata ng'ombe wangu, ambaye nilimheshimu, hakukubali kuingia zizini ila kwa kupitia upande wa kushoto. Nilipofika kwa ng'ombe nikaona inatosha.

Lakini chini ya mzaha huo palikuwa na jambo ambalo sikumwambia mkwe wangu. Mwaka ule wa 1970, wiki ya pili ya masomo, mwalimu alimwita baba yangu akamwambia mbele yangu kwamba mimi ni mzito, na kwamba ingekuwa heri anirudishe kwa mbuzi. Sikuwa mzito. Nilikuwa nazungumza Kimaa, na neno la Kiswahili nililolijua vizuri lilikuwa "chumvi." Mwalimu akiuliza, nilinyamaza, kwa kuwa ningejibu chumvi kwa kila swali. Baba, kwa ukaidi wake uliojulikana hadi Oldonyosambu, alikataa kuniondoa. Nilijifunza lugha hii ninayoiandika sasa kwa hasira, ngeli baada ya ngeli, na hadi leo nikisikia mtu anaivuruga napata kipandauso. Kwa hiyo naijua hali ya mtoto anayesimama mbele ya mwalimu akiwa kimya, huku watu wazima wakizungumza juu ya kichwa chake. Sikutaka mjukuu wangu aijue.

Nilimpigia simu mwanangu.

"Mama, usigombane naye," akasema. "Mimi mwenyewe sijui la kufikiri. Huku sipo, kule sipo."

"Ulitembea kinyumenyume mwaka mzima na leo hupotei porini."

"Mama, simu iko kwenye spika ya gari. Watalii wanasikia."

"Wanajua Kiswahili?"

"Hapana, ila mpishi anajua, na ameanza kucheka."

Nikamwambia kwamba siku ambayo mtoto atapelekwa kwa mtaalamu wa makuzi ya watoto, kama mwalimu alivyoshauri, mimi nitakuwepo. Sikuwa naomba. Akasema, "Sawa, Mama," kwa sauti ya mtu anayeingia chini ya kitanda.

Tulikwenda Alhamisi, tarehe 24 Oktoba 2024. Niliteremka kwa bodaboda nikiwa nimekaa upande, gauni langu la Jumapili likiwa limefungwa kwa kitenge, na mkwe wangu alinipokea barabara kuu na gari lao. Mtoto alikuwa kiti cha nyuma, amefungwa mkanda, nami nikamsamehe salamu. Aliniona akapiga ukelele, "Bibi! Tumbo la ng'ombe limefika wapi?" Nikamwonyesha kwa mikono. Mama yake akaangalia mbele, kwa kuwa hakuwa bado amemwambia habari ya Desemba.

Mtaalamu alikuwa mama mtu mzima, mvi zimemjaa, mwenye Kiswahili cha Tanga kinachoteleza kama kimepakwa mafuta. Nilimpenda kwa ajili ya Kiswahili hicho, ingawa nilikuwa nimeondoka nyumbani nikiwa nimekusudia nisimpende. Chumba chake kilikuwa na mkeka, vikombe vya rangi, wanasesere, na ukutani kalenda. Kalenda hiyo ilionyesha Septemba. Nilijizuia kwa muda mrefu kadiri nilivyoweza. Kisha nikainuka, nikaufunua ukurasa hadi Oktoba, nikarudi kuketi. Mtaalamu alinitazama, akatabasamu, akaandika kitu kwenye karatasi yake.

Kisha akainama kidogo kwenye kiti chake na kumwita mtoto. "Njoo, mwanangu. Njoo tujuane."

Mjukuu wangu aliweka chini kikombe alichokuwa amekishika. Akatembea hadi mbele ya yule mama. Akasimama. Akakiinamisha kichwa chake, kidevu kikagusa kola, mikono ikashuka ubavuni, akatulia.

"Hujambo?" akasema mtaalamu.

Kimya.

"Jina lako nani, kipenzi?"

Kimya.

"Hebu nitazame. Nitazame nikuone hayo macho mazuri."

Mtoto hakusogea hata unywele. Mkwe wangu alinishika mkono. "Umeona, Mama?" akaninong'oneza. "Umeona sasa?"

Nilikuwa nimeona, na nilikuwa nimevimba kwa fahari. Mbele yangu nilimwona mtoto mwenye adabu kuliko mtoto yeyote aliyewahi kuingia katika chumba kile. Mgongo ulinyooka, shingo iliinama kwa kiasi kinachotakiwa, na subira yake ilikuwa ya mtu mzima. Sikuelewa hata kidogo kwa nini mama yake alikuwa anatokwa na machozi. Tulikuwa wanawake watatu tukikitazama kichwa kimoja, na kila mmoja aliona kichwa chake.

Mtaalamu aliingoja dakika ipite, akaandika tena. Hapo mjukuu wangu, bila kuinua uso, aligeuza shingo upande wangu kidogo tu, akasema kwa mnong'ono uliosikika hadi barabarani:

"Bibi, na huyu naye hajui."

"Hajui nini?" nikauliza.

"Kupokea. Kama mwalimu. Mwalimu naye hajui. Nimemngoja, nimemngoja, hanipokei. Kila siku anasema niangalie, niangalie. Nitamwangaliaje hajanipokea?" Akashusha pumzi. "Labda kwao hawakumfundisha. Mimi nikasema nitamngoja tu, atajua."

Mtaalamu akaiweka kalamu mezani.

"Bibi," akaniambia, "kupokea ni nini?"

Nikaeleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuisikia sauti yangu mwenyewe kwa masikio ya mkwe wangu. Kwetu Ngaramtoni mtoto hamrushii mzee salamu kwa mbali kama anayewarushia kuku punje. Humkaribia, akasimama, akainamisha kichwa, akanyamaza. Mzee humwekea kiganja utosini. Mkono ukishagusa, mtoto amepokelewa. Ndipo anainua uso na kusema alilonalo. Kabla ya mkono, hakuna macho na hakuna neno. Nilimfundisha Juni. Alijifunza asubuhi moja.

"Mama," akasema mkwe wangu, "mimi nilimwona akifanya vile kwako siku nilipokuja kumchukua. Nikadhani ni mchezo wenu."

"Mchezo!" nikasema.

"Lakini mbona kwetu nyumbani hafanyi?"

Mtoto, akiwa bado ameinama kama mtu anayetafuta sindano, ndiye aliyejibu. "Kwa sababu nyie si wazee. Bibi alisema wenye mvi. Na mwalimu. Mwalimu hata akiwa hana mvi ni mzee, kwa sababu anajua kusoma." Kisha, kwa uchovu: "Bibi, shingo inauma."

Ilikuwa kweli, nilimwambia hivyo mimi. Mtu aliyemfikia mwalimu akiwa na miaka kumi na mmoja hawezi kumwita mwalimu kijana. Nilimfanya mwalimu yule, msichana wa watu aliyetoka Mbeya juzi, kuwa mzee wa ukoo bila kumtaarifu, na tangu Julai alikuwa akiletewa heshima kila asubuhi na kuiandikia taarifa.

Mtaalamu aliinuka, akafuta kiganja chake kwenye kanga aliyojifunga, akakiweka juu ya kichwa cha mtoto. Alikiweka vizuri, kwa uzito unaofaa, kama aliyezaliwa Ngaramtoni.

Ilikuwa kama kufungua bomba. Mjukuu wangu aliinua uso, akamtazama yule mama machoni, akamwambia jina lake na la baba yake, na kwamba baba anawajua simba ila anaogopa kinyonga, na kwamba bibi ana ng'ombe mwenye ndama tumboni, na kwamba vifungo vya bluu havitakiwi kukaa na vya kijani kwa sababu shule zao ni tofauti na sare zikichanganywa mama atafokewa. Mkwe wangu aliyasikia hayo ya vifungo akajifunika uso. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Na ncha za vidole?" akauliza mtaalamu. "Mbona watembea hivyo?"

"Ijumaa sakafu ya Bibi inakuwa imepakwa."

"Leo Alhamisi, kipenzi."

Mtoto akafikiri. "Najifunza isije ikafika nimesahau."

Mtaalamu hakuishia hapo, na namheshimu kwa hilo. Alicheza naye muda mrefu, akamfanya achore, ahesabu, asikilize kengele upande huu na ule, amtafute mwanasesere. Mwishoni alituambia kwamba kwa siku ile haoni cha kumtia hofu. Lakini mtoto hukua, na mengine huonekana baadaye, kwa hiyo angependa kumwona tena Machi. Alisema vilevile kwamba mkwe wangu alifanya vizuri kuja, na kwamba mama anayeuliza mapema hajamkosea mtu.

Ningenyamaza hapo, ningekuwa nimemaliza siku nikiwa na heshima yangu yote. Sikunyamaza. "Nilisema mimi," nikatamka, nikikiweka sawa kilemba changu. "Kwetu hakuna mambo hayo."

Yule mama wa Tanga alinigeukia. Hakuwa amekasirika. "Na kama yangekuwepo, Bibi? Mtoto angekuwa na hitaji lake, mwenye kuhitaji subira zaidi na mafunzo zaidi. Ungemfanyaje?"

Nilifungua kinywa nikakuta hotuba niliyoipanga tangu Nkoaranga haimo. Nilikiona kichwa kile kidogo, sasa kimelala kwenye paja la mama yake, na nikakumbuka dawati la 1970.

"Ningemfanyaje?" nikasema. "Angekuja Desemba. Ndama ni wake. Nilishamwahidi."

"Hata asingetazama mtu machoni?"

"Ndama hatamdai macho. Wala mimi."

Mtaalamu, aliyekwisha kuelezwa mpango wa Desemba, akamtazama mkwe wangu. "Umesikia, mama. Kwa bibi yake si kuhamishwa. Mtoto anaweza kuwa na nyumba mbili zenye ratiba, na nadhani," akaitupia jicho kalenda, "huko juu ratiba ipo ya kutosha."

Mkwe wangu ni mtu wa kupima. Tulikuwa tumeshaingia garini, mtoto amekwisha kuuliza mara kadhaa kama ng'ombe huumwa mgongo, ndipo aliposema, bila kugeuka, "Mama, Desemba shule zikifungwa Ijumaa, Jumamosi yake nitamleta. Nitakaa na mimi siku mbili nione huyo ndama." Kisha, baada ya taa za barabarani: "Kile alichoandika mwanzoni, ulipofunua kalenda. Nadhani kilikuwa juu yako."

"Aandike," nikasema. "Tarehe awe ameiandika sahihi."

Mwalimu alielezwa siku iliyofuata. Nasikia aliona haya, halafu akafurahi, na asubuhi ya kwanza baada ya mwisho wa juma alipofikiwa na kichwa kile alikiwekea mkono. Mjukuu wangu akamtazama machoni na kumwambia, "Shikamoo, mwalimu. Umejua!" Matokeo yake hayakutarajiwa na mtu. Wenzake waliona kwamba anayeinama anawekewa mkono, nao wakataka mkono. Kabla Novemba haijaisha darasa zima lilikuwa linapanga mstari mlangoni, videvu kwenye kola, kimya kabisa, na mwalimu akampigia simu mkwe wangu kumwuliza kwa unyenyekevu kama Bibi anaweza kuwafundisha pia kukaa.

Ng'ombe wangu alizaa Alhamisi, tarehe 5 Desemba 2024, kabla ya saa sita mchana, ndama jike, mweusi mwenye doa jeupe kwenye paji. Hesabu yangu haikukosea. Jumamosi, tarehe 7, gari lilisimama chini ya mteremko, na mtoto alipanda mbio akiwaacha mama yake na mikoba nyuma sana. Alifika kwangu akiwa anahema. Hata hivyo alisimama, akainama, akangoja. Nilimwekea mkono, nami nakiri kwamba siku hiyo niliuacha pale kidogo zaidi ya inavyotakiwa.

"Yuko wapi?"

Tulikwenda zizini sote watatu, tukipitia upande wa kushoto. Ndama alikuwa amesimama kwa miguu isiyoaminiana. Mjukuu wangu alimkaribia polepole, akanyamaza mbele yake. Ndama, kwa sababu zake mwenyewe, alishusha kichwa. Mtoto akatugeukia, macho yamemtoka, kisha akainua mkono wake mdogo na kuuweka juu ya lile doa jeupe, kwa uzito unaofaa.

Jina alilompa sitaliandika hapa, kwa kuwa ni jina la mwalimu wake na sijamwomba ruhusa.

"Mama, umeona?" mkwe wangu akauliza, na safari hii hakunong'ona.

"Nimeona."

"Bibi," akasema mtoto, mkono ukiwa bado juu ya ndama, "huyu ana akili. Mwalimu tulimngoja tangu Julai."